Herufi Moja Kila Asubuhi

Kosa langu la kwanza katika kazi ile lilikuwa kumkatiza mzee wa watu salamu.

Ilikuwa mwaka 2012, nikiwa mgeni kabisa ofisini. Tulikuwa shirika dogo la kutengeneza mabomba ya maji hapa Kasulu, na kazi yangu ilikuwa kupokea simu za kamati za maji na kuandika shida zao kwenye kompyuta. Mwenyekiti wa kamati ya kijiji kimoja cha upande wa Buhigwe akapiga. Akaanza na salamu yetu Waha ya asubuhi: mwakeye. Akauliza habari za nyumbani, za wazazi, za mvua, za kazi, akarudi tena kwa wazazi. Nadhani simu alikuwa ameibana begani, kwa sababu nilisikia viganja vyake vikipigana taratibu, kama wazee wetu wanavyosalimia. Simu nyingine ilikuwa inaita mezani. Nikasema, "Mzee, sema shida." Akasema kufuli la nyumba ya pampu limevunjika. Nikaandika kufuli, nikamshukuru, nikakata.

Mratibu alikuwa amesimama nyuma yangu.

"Amesema nini kingine?"

"Hakusema kingine, Mratibu."

"Hakusema, au hukumngoja?"

Akatoa simu yake, akafungua spika, akampigia yule mzee. Wakasalimiana mpaka nikaona haya kuwasikiliza. Kufuli likatajwa. Zikafuata nyasi zilizozidi kuzunguka kisima, kisha harusi ya binti wa jirani. Mratibu alikuwa amefumba macho, anaitikia tu, eeh, eeh. Walipokwisha kuagana mara ya kwanza, ndipo mzee akasema kwamba maji yananuka dizeli, na kina mama wameanza kuchota kwenye kijito cha bondeni, kule wanakonyweshea ng'ombe.

"Huku kwetu mtu hatui mzigo mzito mlangoni," akaniambia baada ya kukata. "Anaingia nao, anakaa nao, anakutazama. Akiona umetulia ndipo anautua."

Mimi mwenyewe ni Muha. Nimesalimiwa hivyo tangu nikiwa mgongoni kwa mama. Lakini niliamini kwamba ukivuka kizingiti cha ofisi yenye kompyuta, watu wanageuka na kuanza na jambo kubwa. Mratibu akauondoa mstari wangu wa kufuli, akaandika mwingine, akauwekea mbele herufi A katika mabano. Gari likaenda huko asubuhi ile ile.

Tulimwita Mratibu, na kwa miaka karibu mitatu sikumsikia mtu yeyote wa kazini akimwita kwa jina lake. Alikuwa mwanamke mrefu, wa Kibondo, mwenye sauti ya chini iliyokufanya usogee. Alikuwa amesomea maji chuoni, na angeweza kukaa kwenye ofisi yenye zulia kule Kigoma mjini. Alikaa Kasulu, kwenye chumba chenye madirisha mawili na vumbi jekundu, akiwa na gari moja na mafundi wa gari moja.

Hapo ndipo ulipokuwa uzito wote, na ni vizuri niuseme mapema. Gari lilikuwa moja. Kila asubuhi lilikwenda mahali pamoja, kwa sababu barabara zetu ni za milima, na ukienda Buhigwe huwezi siku hiyo hiyo kufanya kazi ya maana kwenye kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Kwa hiyo kila asubuhi kijiji kimoja kilipata maji, na vingine vilivyoomba viliendelea kukaa bila maji. Mwishoni mwa mwaka ule kambi ya wakimbizi ya Mtabila ilifungwa, Warundi wakarudishwa kwao, na kila kijiji kilisikia kwamba mabomba na matangi yaliyokuwa kule yangegawanywa. Simu zilikuwa haziishi.

Mambo yote hayo Mratibu aliyaweka kwenye faili moja la maandishi matupu. Halikuwa na rangi wala jedwali. Alilifungua kwa ile programu nyeupe ambayo kila kompyuta inakuja nayo na ambayo hakuna anayejisumbua kujifunza. Kila kazi ilikuwa na mstari wake: mahali, tatizo, nani amepiga. Kazi ikiisha, mstari ulipewa alama ya x mwanzoni, ukashushwa chini. Kazi ya siku ilipewa (A), ikapandishwa juu. Nilipoliona mara ya kwanza nilimhurumia. Nilidhani hajui kompyuta.

Mimi kompyuta nilijifundisha. Nilikuwa nachapa barua na maombi ya kazi kwenye duka la vifaa vya ofisi karibu na stendi, na wateja wakiondoka nilibaki kubofya kila kitufe nione kinafanya nini. Mtu aliyejifundisha mwenyewe ana ugonjwa wake: anaogopa kwamba kuna jambo moja ambalo wengine wote wanalijua na yeye hajaliona. Nilikuwa nahakiki barua ya mistari mitatu mara kumi. Nilikuwa natoka ofisini, nafika njia panda, narudi kuangalia kama nilihifadhi faili. Dereva wetu, Mwislamu wa Kasulu mjini mwenye babu aliyekuja kutoka pwani na maneno mengi, aliniita Mhakiki.

"Mhakiki, umehakiki kama umevaa suruali?"

Basi nikatumia wiki kadhaa kumtengenezea Mratibu jedwali. Kila kijiji kilikuwa na alama: idadi ya watu, umbali, aina ya pampu, siku za kungoja. Jedwali lilizidisha, likajumlisha, likatoa cheo kwa rangi, kuanzia nyekundu ya damu mpaka kijani. Nilimwonyesha. Alilitazama kwa muda mrefu, kwa heshima ya kweli, akaniuliza nilivyofanya hiki na kile. Kisha akasema, "Inapendeza. Sasa gari linakwenda wapi?"

Nikatazama. Vijiji vyote vilikuwa vyekundu.

Hakucheka. Dereva ndiye aliyecheka, mpaka akatoka nje kukohoa.

Misemo ya Mratibu ilikuwa mifupi na aliirudia bila aibu. "Herufi si cheo, ni zamu." Huo aliusema kila mwenyekiti alipolalamika kwamba kijiji chake kimedharauliwa. Mwingine ulihusu herufi B. Kwenye faili lake palikuwa na A, na palikuwa na mistari mitupu, basi. Nilimwuliza kwa nini hatumii B kwa kazi inayofuata kwa uzito. "B ni A ya mtu mwoga," akasema. "Ukiiweka, umeahidi bila kuahidi. Kesho itakudai."

Na kesho aliichukulia kwa namna ambayo sikupata kuiona kwa mtu mwingine. Kila jioni kabla ya kufunga ofisi alifuta herufi. Kama kazi ya A haikuisha, aliifuta hivyo hivyo. Asubuhi mistari yote ilikuwa mitupu, na ilibidi kila mmoja uombe upya. Mwanzoni niliona ni ukatili. Kijiji kilikuwa cha kwanza jana, leo kinasimama mstarini kama kilichopiga simu asubuhi hii. Lakini niliona pia kwamba mara nyingi usiku mambo yalikuwa yamehama. Pale palipokuwa na kilio jana, fundi baiskeli wa kijijini alikuwa amefunga mpira na maji yanatoka. Pale palipokuwa kimya, pampu ilikuwa imekufa. Mratibu alikaa mbele ya mistari ile mitupu akiwa na kikombe cha chai ambacho hakukinywa, akapiga simu mbili tatu, akafumba macho akisikiliza salamu zote hadi mwisho. Kisha mkono wake ukaenda kwenye kibodi na kuandika herufi moja. Hata dereva aliacha utani. Nilikuwa namtazama kama watu wanavyomtazama mtu anayevuka mto uliofurika akiwa amebeba mtoto begani. Katika wilaya nzima watu walikuwa wanangoja kidole kile, na kidole hakikutetemeka.

Siku moja ofisa mmoja mkubwa alikuja ofisini, viatu vimeng'aa. Kulikuwa na mgeni wa kuja kuzindua bomba, naye alitaka mafundi wakapake rangi na kufunga koki mpya. Mratibu akaandika mstari mbele yake: kuzindua bomba ambalo linatoa maji. Hakuweka herufi.

"Mama, hiyo ni ya haraka."

"Nimeiandika, mkuu."

"Unanifahamu mimi ni nani?"

"Nakufahamu, mkuu. Nyumbani kwako maji yanatoka?"

"Yanatoka."

"Namshukuru Mungu."

Barua ya kumwonya ilikuja baadaye. Akaisoma, akaiweka kwenye jalada, akaniagiza chai nyingine. Hakuinywa nayo.

Nisimfanye malaika. Alikuwa na mambo yaliyonikera, na mengine hayakuingiana. Alikataa zawadi za ndizi kwa ukali, kiasi cha kumwaibisha mama aliyezibeba kichwani kutoka mbali. Lakini asali aliipokea, na asali ya Kibondo hasa aliipokea kwa mikono miwili. Nilimwuliza tofauti ni ipi. "Ndizi zinaoza," akasema. "Aliyeleta ndizi anataka jibu wiki hii. Asali inangoja." Dereva alisema hiyo ni sheria ya mtu anayependa asali, na mimi mpaka leo naona dereva alikuwa sahihi.

Tena, yeye aliyewasikiliza wazee hadi tone la mwisho hakuwa na subira na sisi. Ukianza kujieleza kwa nini umechelewa, alikuwa ameshaondoka. Nguo zake alizisahau kwa fundi cherehani mpaka zikatoka kwenye mtindo. Alikula migebuka na ugali akiwa amesimama. Na nilimwona mara moja, baada ya mvua kubwa, amekaa garini peke yake, kichwa kwenye kioo, kwa muda ambao haukuwa wa kupumzika. Nilitaka kwenda kumwuliza. Nikarudi ndani kuhakiki faili.

Mwanzoni mwa 2015 mama yake alianza kuugua, naye akaondoka kwenda kumwuguza Kibondo. Hakufanya sherehe. Alifuta herufi jioni kama kawaida, akaniambia, "Kesho utaandika wewe, mdogo wangu," akabeba mkoba wake.

Niliandika. Kwa miezi michache mambo yalikwenda, kwa sababu simu zilikuwa chache na nilimwiga. Kisha Warundi wakaanza kuvuka mpaka tena. Mabasi yalishusha watu Nyarugusu mchana kutwa, watu wenye magodoro na watoto na kuku mmoja amefungwa miguu, mahali palipokuwa pamejaa Wakongo tangu zamani. Nilikwenda na gari siku moja nikasimama juu ya kilima kuona foleni ya maji. Watu hawakuwepo foleni. Walikuwa kivulini. Yaliyopanga foleni yalikuwa madumu ya njano, kila dumu na jiwe lake juu lisipeperushwe, yakishuka mteremko, yakizunguka kibanda cha shule, yakipotea upande wa pili. Sijawahi kuona kitu kikubwa kama kile chenye ukimya kama ule. Kila dumu lilikuwa mtu, na asubuhi ile herufi ilikuwa yangu.

Nikaanza kuandika A mbili. Baadaye nne. Sikuweza kumnyima mtu. Siku moja gari liliondoka kwenda kijijini, nikapigiwa simu na kambi, nikamwambia dereva ageuze. Akiwa njiani kambini nikapigiwa na kijiji, nikamwambia arudi. Jioni walirudi Kasulu wamechoka, mafuta yamekwisha, hakuna koki moja iliyofungwa.

Dereva hakupiga kelele. Aliweka funguo mezani. "Ndugu yangu," akasema, "gari lina usukani mmoja." Hakuniita Mhakiki. Hilo ndilo lililoniumiza.

Jumamosi iliyofuata nilipanda basi kwenda Kibondo. Nilikuwa na mistari miwili mfukoni, nimeichapa kwenye karatasi. Mmoja ulikuwa wa kijiji cha upande wa Buhigwe ambacho pampu yake pekee ilikuwa imeharibika, na mara mbili nilikuwa nimekipita kwa ajili ya kambi. Mwingine ulikuwa wa eneo moja la Nyarugusu, ambako bomba la kupeleka maji kwenye tangi lilikuwa limepasuka. Gari lingeondoka Jumatatu. Nilitaka aniambie tu ni upi.

Nilimkuta uani, amekaa kwenye mkeka, anachambua maharage kwenye ungo. Alikuwa amekonda. Mama yake alikuwa ndani, na kila mara Mratibu alinyamaza kusikiliza pumzi zake, kisha akaendelea. Aliniuliza habari za watu wote wa ofisini. Nilimpa karatasi.

Akaisoma. Akanirudishia.

"Hawa siwajui," akasema.

"Mratibu, ni mistari miwili tu. Wewe ungechagua upi?"

"Sijawasikia. Wewe ndiye uliyewasikia." Akatupa maharage mabovu pembeni. "Na nikikuchagulia leo, Jumamosi ijayo utapanda basi tena. Nauli yako itakwisha."

"Naogopa kukosea."

"Utakosea. Mimi nilikosea sana."

Nilimtazama. Kwa miaka yote ile nilidhani kile kidole hakikosei.

"Kuna kijiji nilikiacha kwa wiki tatu," akasema. "Nilidhani wana kisima kingine. Hawakuwa nacho. Mwenyekiti wao hakunilaumu hata siku moja, na mpaka leo natamani angenilaumu."

"Sasa ulikuwa unawezaje kuandika tena kesho yake?"

Alisikiliza kwanza kama mama anahitaji kitu. Kisha akasema, kama anayeniambia mahali chumvi inapouzwa, "Nilikuwa nimekwisha kuwaambia."

"Uliwaambia nini?"

"Kwamba leo hatuji. Kila asubuhi, nikiwa nyumbani, kabla hamjafika ofisini; zile simu mbili tatu mlizoziona zilikuwa za waliobaki. Yule wa A hana haja na simu yako, ataliona gari. Wewe mpigie yule asiyeliona. Mwambie kwa mdomo wako. Asikae anaangalia barabara siku nzima." Akatikisa ungo. "Na ukiona kuna mtu huwezi kabisa kumpigia, ukijaribu maneno yanakataa, mtazame vizuri huyo. Huenda ndiye."

Nilijaribu kichwani kumpigia mwenyekiti wa kijiji. Mwenyekiti, Jumatatu hatuji. Kutoka kwao mpaka maji mengine ni kushuka bonde zima na kulipanda, na nilijua kwamba wanaoshuka ni mabinti wanaotakiwa kuwa shuleni. Nilikuwa nimewapita mara mbili, na mara zote mbili sikuwaambia neno. Maneno yalikataa.

Basi nikatoa simu, pale pale mkekani, nikampigia mama Mkongo aliyekuwa mkuu wa kamati ya maji ya lile eneo la Nyarugusu. Sauti yangu ilikuwa kama ya mtoto. Nikamwambia Jumatatu gari linakwenda kwingine, na Jumanne asubuhi nitampigia tena, iwe tunakuja au hatuji.

"Sasa sisi tutakunywa nini, mwanangu?" akasema. "Vumbi?"

Nikasema, "Pole, mama. Nimechagua mimi."

Nilisikia watoto nyuma yake, na mtu anagonga sufuria. Mratibu aliendelea na maharage, hakunitazama.

"Bon, sawa," akasema yule mama. "Nitatuma batoto na madumu kwa eneo ingine mapema, mbele foleni ikuwe ndefu. Aksanti kunijulisha. Bengine banatuachaka tu, tunaangaliaka barabara."

Akakata. Mratibu akamimina maharage safi kwenye sufuria, akainuka kwenda kumtazama mama yake. Alipopita karibu yangu aliweka kiganja kichwani pangu kidogo, akaingia ndani. Hakurudi kwa muda mrefu, na basi lilikuwa linaondoka, nikaaga mlangoni.

Jumatatu gari lilikwenda kijijini, na maji yakatoka. Jumanne nilimpigia yule mama tena.

Siku hizi naandika herufi moja. Jioni naifuta. Asubuhi, kabla dereva hajawasha gari, nawapigia wote ambao halitawafikia, nawaambia kwamba nimechagua mimi, na nawasikiliza mpaka wamalize kunitukana. Kuna siku bado nakosea. Lakini hakuna anayekaa kuangalia barabara kwa sababu yangu.